Nyumba Iliyotundikwa Darini

"Nyumba yako iko wapi, hooyo?"

Swali lilikuwa dogo, tena liliulizwa kwa upole kati ya funda moja la chai na jingine, kwa lile neno hooyo, yaani mama, ambalo wazazi wa Kisomali huwaitia hata wana wao, lakini Samsam aliliweka birika chini. Mbele yake, juu ya zulia la sebuleni kwa baba yake mzee Diriye, alikuwa ameketi Mama Fatumo, mama mzazi wa Salah, mchumba wa Samsam. Alikuwa ametoka Takaba kwa lori la mbuzi, akapita Wajir na Modogashe na mashimo yote yaliyo katikati, na alikuwa amekuja Garissa kwa shughuli moja tu: kumwona kwa macho yake binti anayemnyima mwanawe usingizi.

Hadi hapo mambo yalikuwa shwari. Chai aliionja akaisifu. Kisha akamkagua Samsam kuanzia mtandio hadi vidole vya miguu, bila kuficha, kama mtu aliye mnadani anayetazama ngamia, na uso wake ulisema wazi kwamba ngamia amempendeza.

"Nyumba gani, habaryar?" aliuliza Samsam, akimwita kwa heshima jina ambalo binti wa Kisomali humwita mama wa rika la mama yake. Alijua vizuri sana ni nyumba gani. Alikuwa anatafuta pumzi tu.

"Aqal yako. Ile aliyokusukia mama yako, Mungu amrehemu."

Kwa watu wao mwanamume hajengi nyumba. Mwanamume ana ngamia, ana maneno mengi na ana bakora. Nyumba ni ya mwanamke. Mama wa binti husuka mikeka yake kwa miaka, akisaidiwa na jamaa zake, na siku ya harusi wanawake huipandisha juu ya fito zilizokunjwa mpaka nyumba ikasimama, ya mviringo, yenye harufu ya nyasi na ubani. Tangu siku hiyo ni mali ya bibi harusi. Wakihama, ngamia huibeba. Mume akimchokoza sana mkewe, atajikuta nje na bakora yake, na hapo ndipo huwa mpole.

"Mimi sikuja kuuliza ukoo wala umri," aliendelea Mama Fatumo. "Salah aliniambia wewe si msichana mdogo. Nikamwambia mwanamke si maziwa, hachachi. Aliniambia umesoma Nairobi. Nikasema vizuri, atanisomea barua. Lakini mke asiye na nyumba simpokei, hooyo, na wewe usinichukie. Dada yangu aliolewa mjini bila nyumba. Siku waliyogombana na mumewe alitoka na kitambaa chake cha kichwa, basi. Nilimpokea mimi mlangoni, analia. Niliapa siku ile kwamba hakuna binti atakayeingia kwangu hivyo."

Samsam alimtazama mama yule na, badala ya kukasirika, akampenda. Hilo ndilo lililozidisha taabu. Mtu mbaya unaweza kumdanganya, na usiku ukalala.

"Ipo, habaryar," alisema. "Mama aliisuka kabla hajafariki."

"Basi nionyeshe."

"Baada ya sala ya Alasiri."

Alitoka nje akiwa amesahau kuvaa kandambili, mchanga wa Garissa ukamkumbusha.

* * *

Kinyozi hajinyoi. Samsam Diriye alikuwa msanifu wa majengo, binti wa kwanza wa mji ule kuwa na kazi hiyo. Alikuwa amechora maduka, madarasa na msikiti mmoja mdogo, lakini jengo lililompa jina lilikuwa lile la mviringo lililo karibu na mto, ambalo watu waliliita Nyumba ya Kungojea. Wajawazito kutoka mbali, wa Bura na wa huko ndani zaidi, walifika hapo siku zao zinapokaribia, wakangoja salama karibu na wakunga badala ya kushikwa na uchungu njiani. Kabla yake palikuwa na banda refu la mabati. Wanawake walilala humo usiku mmoja, wakaamka alfajiri, wakatoroka. Lilikuwa na joto la tanuri, tena mwenzako akiguna kona ile, mabati yanakuletea mguno wake mara mbili.

Nyumba ya Samsam hawakuitoroka. Mwandishi mmoja wa gazeti alikuja kutoka Nairobi na kamera yake, akatazama dari ile ya mikeka iliyopinda juu ya vitanda, akauliza wazo hilo lilitoka wapi. Samsam akajibu habari za joto na mwangwi na kupitisha hewa. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa jibu.

Jibu lilikuwa hili. Ujenzi ulipofika kwenye dari, mvua kubwa za mwaka wa tisini na saba ziliikata barabara na mbao za dari zikabaki ng'ambo. Kina mama walikuwa tayari wanafika, wamelowa, wameketi chini ya mabati matupu. Na nyumbani kwa baba yake, juu kabisa ya kabati, mikeka ya mama yake marehemu Rukiyo ilikuwa imefungwa kamba, inaliwa na wadudu, inamngoja bwana harusi asiyeonekana. Samsam alikuwa amekaribia miaka thelathini. Wenzake walikuwa na watoto wanaokwenda madrasa. Jioni moja alijiambia: mimi siolewi tena, basi mikono ya mama yangu na imfunike mtu. Akabeba nyumba yake ya harusi, akapanda ngazi mwenyewe, akaitundika darini mkeka kwa mkeka, akilia. Hakumwambia mtu ila baba yake na muuguzi Kanana.

Halafu, kama ilivyo desturi ya mapenzi, bwana harusi akatokea.

Salah alikuwa dalali wa mifugo, mtu wa kelele za mnadani, na siku hiyo alikuwa amemleta dada yake Sahro, tumbo liko puani. Wanaume hawaingii Nyumba ya Kungojea, kwa hiyo alibaki kibarazani akizunguka, akigusagusa ukuta. Samsam alikuwa pale na ramani zake chini ya kwapa, amekuja kutazama bomba.

"Abaayo, samahani," Salah alimwuliza, akimwita dada. "Nani amejenga hii?"

"Mimi," alijibu Samsam, akajikaza kungoja kicheko. Alikuwa amezoea. Nairobi waliangalia nyuma yake na kuuliza injinia yuko wapi.

Salah alimtazama kidogo, kisha akatikisa kichwa. "Naona. Kwani nyumba ingejengwa na nani mwingine? Mwanamume?"

Hakuwa anatania. Katika maisha yake yote hakuwahi kuona nyumba nzuri iliyojengwa na mtu asiye mwanamke. Samsam alirudi ofisini, akakaa, akagundua kwamba ameichora ile ramani ya bomba juu chini.

* * *

Sasa mtu huyo huyo alikuwa amesimama kwenye kibaraza kile kile, amevaa shati alilopigiwa pasi na kikoi kipya, na uso wake umekunjamana.

"Ameuliza?"

"Ameuliza."

"Ukamwambiaje?"

"Kwamba ipo. Nitamleta aione. Tangu nikuambie ulikuwa na mwezi mzima wa kumwambia, Salah!"

"Ningemwambiaje? Hooyo, mchumba wangu ameitundika nyumba yake na sasa wanalala chini yake wake za watu?" Alishusha sauti, maana dirisha la kina mama lilikuwa wazi na kule ndani kulikuwa kumenyamaza ghafla. "Sikia. Mwambie mto uliibeba wakati wa mafuriko. Tana imebeba mengi mwaka ule, haitajali kusingiziwa moja zaidi."

"Nianze maisha na mama yako kwa uongo?"

"Basi tuishushe! Nitaleta mbao za dari, nitaleta hata leo, mafundi wapo."

 Samsam alitazama dirisha lile. Mbao zingefanya kazi, ndiyo, kwa kiasi chake. Joto lingerudi kidogo, mwangwi ungerudi kidogo. Mwezi ujao labda mama mmoja angeamka alfajiri, akafunga mzigo wake, akashika njia ya Bura. Mmoja tu.

"Samsam, nitazame." Alimtazama. Macho ya Salah, yale ya kuchekacheka mnadani, hayakuwa yanacheka. "Bila radhi ya mama siwezi. Unajua. Sitasimama harusini huku mama yangu amegeuza uso. Na wewe nikikukosa, mimi..." Mdomo uliozoea kuuza ngamia mgonjwa kama mzima ulishindwa kumaliza sentensi.

"Nami sitaki kukukosa," alisema Samsam. Alishangaa jinsi maneno yalivyotoka kirahisi. "Nakupenda, Salah. Lakini akiniambia niishushe, sijui nitamjibu nini. Wallahi sijui."

Mlangoni alitokea Kanana, muuguzi mkuu, Mmeru mnene wa vicheko aliyepangiwa kazi Garissa akakataa kuhamishwa. "Nyinyi wawili," alisema, "kama mmemaliza, wagonjwa wangu wanasema mama mkwe anakuja kule barabarani."

* * *

Mama Fatumo aliacha viatu mlangoni, akainama kidogo kama mtu anayeingia aqal ingawa mlango ulikuwa mrefu, akaingia. Mkononi alikuwa na mkeka mmoja uliokunjwa, zawadi ya kitanda cha harusi.

"Umenileta hospitali, hooyo. Mimi si mgonjwa."

"Tazama juu, habaryar."

Mama Fatumo alitazama juu. Vitanda vilizunguka ukuta, na juu yake mikeka ilipinda kutoka ukutani hadi katikati, ya rangi ya asali iliyokolea, mistari myekundu na myeusi ikikimbizana. Mwanga wa madirisha ya juu uliingia kwa matundu madogo madogo ya mikeka ukadondoka sakafuni. Wanawake waliokuwa wakinywa chai waliweka vikombe chini. Hakuna aliyejifanya hasikilizi.

"Ndiyo hiyo," alisema Samsam. "Niliitundika mwenyewe. Nilidhani sitaolewa. Sitakudanganya, wala sitajitetea."

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Alisimama akingoja.

Mama Fatumo alitembea polepole akizunguka, shingo imelalia mgongoni. Alipofika kwenye kitanda kitupu alikitazama, akamgeukia Kanana na kuingia Kiswahili chake cha kubahatisha. "Wewe dakitari. Mimi nalala hapa kidogo. Shingo naumia."

"Lala, mama. Hapo ni pazuri, kuna upepo."

Akajinyoosha chali, mikono juu ya tumbo, macho juu. Samsam alisubiri aseme jambo. Alisubiri sana. Kisha kutoka kwenye kitanda kile ikaja sauti nzito, ndefu, isiyo na haya: Mama Fatumo wa Takaba alikuwa anakoroma.

Kina mama walizibana midomo kwa mitandio. Kanana aliinua mabega. Nje, Salah alipita dirishani mara hii na mara ile, akionyesha kwa vidole: vipi? vipi? Samsam alimpungia aondoke, na hata katika hofu yake akajikuta anataka kucheka. Aliketi sakafuni kando ya kitanda, akamfukuzia yule mama nzi kwa ncha ya mtandio.

Jua lilikuwa limeanza kulegea Mama Fatumo alipofumbua macho. Hakukumbuka mara moja yuko wapi. "Leteni ndama ndani," alisema kwa ukali. Halafu akaona nyuso zile zote, akaketi, akaanza kujifunga kitambaa vizuri kwa heshima.

"Nimelala," alisema, kana kwamba ameshitakiwa. "Mimi silali mchana. Tangu nimeondoka kwangu sijalala hata usiku." Akamgeukia tena Kanana. "Bahali bazuri, dakitari. Kitanda tu iko juu sana. Mtoto naanguka."

"Haanguki, mama. Hicho kitanda kina bahati," alisema Kanana akicheka. "Kuna mmoja alizaliwa hapo hapo, hakungoja tufike chumba cha kuzalia. Kijana, amepiga kelele mji mzima ukasikia. Mama yake alikuwa anaitwa Sahro, wa huko huko kwenu."

Mama Fatumo aliacha kufunga kitambaa.

"Sahro wangu?"

Samsam aliinamisha kichwa. "Ndiyo, habaryar. Abdow alizaliwa hapo."

"Aliniambia," alisema Mama Fatumo taratibu. "Aliniambia, hooyo, nililala kama niko kwako. Nikadhani ananisifu tu, ananitaka nimpe mbuzi. Mtoto wake wa kwanza alimzalia kando ya barabara kwa kuikimbia hospitali." Aliutazama mkeka ulio juu ya kitanda, kisha akamtazama Samsam, kisha mkeka tena. Kitu kilianza kumtikisa mabega. Samsam alidhani analia, akamshika mkono, kumbe mama yule alikuwa anacheka, kicheko cha tumboni kilichomtoa machozi.

"Subhanallah! Nyumba ya bibi harusi, na mjukuu wangu ameshazaliwa ndani yake, na wewe mwenyewe hata hujaolewa!"

Hapo kina mama hawakujizuia. Jengo zima lilicheka, na mikeka ya marehemu Rukiyo ikakimeza kicheko chote bila mwangwi.

Alipojifuta macho, Mama Fatumo alisimama, akanyoosha kidole kuelekea mlangoni. "Ule wa mwisho pale. Kwa nini ukingo wake haukufungwa?"

"Ndio aliokuwa akiusuka alipougua," alisema Samsam. "Ni mkeka wa mlango. Hakuumaliza."

"Hakuumaliza." Mama Fatumo alisogea chini ya mkeka ule.  "Basi sikiliza, binti yangu. Aqal isiyo na mkeka wa mlango haijawa nyumba bado. Hukutoa nyumba yako. Ulichotundika ni sadaka ya mama yako, na sadaka hairudishwi, hata kwa harusi. Iache ikae. Lakini ule mmoja ushushe. Haukuwa umetolewa, ulikuwa haujaisha."

"Habaryar, mkeka mmoja si nyumba."

"Nyumba huanza na mkeka mmoja. Kwani mimi nimekufa? Mikono si hii?" Aliinyoosha, mikavu, yenye mishipa. "Takaba hakuna mama wa mwanamume aliyewahi kumsukia mke wa mwanawe nyumba. Ni kazi ya upande wenu. Watanicheka mpaka Mandera. Wacha wacheke. Huna mama, na mimi nina muda."

 Samsam alileta ngazi ya mlinzi, akapanda kama alivyopanda ule mwaka wa mvua, na tena akilia, ingawa machozi ya leo yalikuwa matamu. Alifungua kamba alizozifunga mwenyewe. Kanana akashika kiuno akilitazama tundu lililobaki. "Na hapo sasa? Jua litanipiga machoni."

Mama Fatumo akamrushia ule mkeka wa zawadi. "Weka hii. Ya Takaba. Iko nguvu kushinda ya Garissa."

Basi wakaketi sakafuni, mkeka wa mlango katikati yao. Mama mmoja wa Bura, aliyekuwa anangoja mapacha na amechoka kungoja bila kazi, alifungua mzigo wake akatoa tita la magome ya mgunga. Alikuwa nayo kwa ajili ya kamba, alisema, lakini kamba zinaweza kusubiri. Wengine wakasogea na matumbo yao, mmoja mmoja, kila mtu akachukua kipande. Magome hayo hulainishwa kwa meno, hutafunwa mpaka yatoe nyuzi. Samsam hakuwahi kuyatafuna. Aliyejua kuchora nyumba kwa kila mtu hakujua hata fundo la kwanza la nyumba yake.

"Tafuna," Mama Fatumo alimwamuru, akimtia kipande mkononi. "Usimeze."

Yalikuwa machungu kuliko dawa. Alikunja uso, kina mama wakamcheka, akaendelea kutafuna.

Nje, subira ya Salah ilikuwa imekwisha. Sauti yake ilipita dirishani, ya chini, ya mtoto aliyekosa. "Hooyo? Mmefikia wapi? Kuna tatizo?"

Mama Fatumo hakuinua macho kwenye ukingo aliokuwa anaufunga. "Unasimama hapo unafanya nini? Nenda katafute magome ya mgunga, mazuri, mzigo mzima. Na kule mnadani kwako nichagulie ngamia mmoja mpole."

"Ngamia wa nini, hooyo?"

"Wa kubeba nyumba ya mke wako."

 Kisha walisikia bakora ikianguka sakafuni kibarazani, na miguu ya mtu mzima ikikimbia kuelekea mnadani bila aibu yoyote, na mlinzi akimwuliza kuna moto wapi.

"Samsam!" Alikuwa amekumbuka, amerudi dirishani anahema. "Samsam, umesikia? Sema kitu!"

Samsam alikuwa na mengi ya kumwambia, lakini hakuweza. Machozi yalikuwa yanamshuka, mashavu yamemtuna, na mdomo umejaa. Alikuwa anatafuna nyumba yake.